Betri za lithiamu zashuka bei, fyuzi zasahaulika

BEI ya betri za lithiamu katika soko la dunia imeporomoka kwa kiwango ambacho mwaka 2010 wafanyabiashara wachache wangekubali kukiamini. Kwa mujibu wa hesabu za BloombergNEF, taasisi inayofuatilia masoko ya nishati, mwaka huo betri ya kuhifadhi yuniti moja ya umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Mwaka 2023 wastani ulikuwa dola 139 na mwaka 2024 ukashuka hadi dola 115. Kaboneti ya lithiamu, ambayo ni malighafi ya betri hizo, ilikaribia Yuan 600,000 kwa tani nchini China mwishoni mwa mwaka 2022, kisha ikaanguka hadi karibu Yuan 100,000 mwaka mmoja baadaye.

Anguko hilo ndilo linalomfanya mwenye duka wa Katoro, kinyozi wa Kakola au mwenye nyumba ya wageni wa Masumbwe apige upya hesabu za jenereta. Seli za lithiamu zinauzwa moja moja. Fundi mwenye testa na spana anaweza kuziunga, akaweka inverta na paneli mbili tatu za sola, na friji ikalala inaunguruma bila petroli. Betri iliyoungwa nyumbani humgharimu mwenyewe pungufu kuliko ile iliyofungwa kiwandani, na katika biashara ndogo tofauti hiyo ni mtaji.

Tatizo ni kwamba fedha huisha kwenye seli na inverta. Fyuzi hununuliwa mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, na mara nyingi duka linaloingiwa ni la spea za magari. Mnunuzi huuliza swali moja tu: ni ya ampea ngapi? Swali hilo ni halali, lakini kwa betri ya lithiamu ni la pili. La kwanza ni hili: fyuzi hiyo ikikutana na shoti ya betri nzima, inaweza kuikata?

UMEME UPO, RASHI HAISUBIRI NGUZO

Hakuna anayeweza kusema kwamba ukanda wa dhahabu umesahauliwa na gridi. Njia kuu ya umeme kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida huishia Shinyanga. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, TANESCO imekuwa na mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50.

Lakini uchimbaji mdogo una mwendo wake. Dhahabu ikionekana kwenye shamba la mtu, rashi hukusanya watu kabla mpimaji wa nguzo hajafika, na ikikauka huwatawanya vivyo hivyo. Wanaoifuata si wachimbaji peke yao. Yuko mwenye mgahawa, mwenye kibanda cha kuchaji simu na taa za kichwani, mwenye soda baridi na mwenye banda la video. Watu hawa wanahitaji umeme unaobebeka. Bei ya dhahabu, iliyovuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza Oktoba 2025, imeongeza hamu ya kufuata rashi hizo, na tangu soko la kwanza la madini nchini lilipofunguliwa mjini Geita mwezi Machi 2019 fedha za dhahabu zina mahali panapojulikana pa kuingilia katika mzunguko.

Kwa mwenye mtaji mdogo, betri ina sifa ambayo jengo halina: rashi ikihama, inapakiwa kwenye pikipiki ya matairi matatu na kuhama nayo. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kila safari ya barabara ya vumbi hulegeza nati, na kila ufungaji mpya ni nafasi mpya ya kukosea.

SELI ZA AINA MBILI

Seli zinazofika mikononi mwa mafundi ni za namna mbili kuu, na kila moja ina fyuzi zake.

Ya kwanza ni seli ndogo za mviringo zinazoitwa 18650, kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hizi hutolewa ndani ya betri za kompyuta za mkononi zilizochakaa. Nyingi zina kobalti au nikeli ndani yake, na zikipata joto kupita kiasi hujiwasha zenyewe na kuwasha jirani zake.

Ya pili ni seli kubwa za mstatili za chuma na fosfeti, ambazo mafundi huziita LFP au LiFePO4. Kila moja ina volti 3.2. Zikiungwa 16 mfululizo hutoa volti 51.2, na kama kila seli ni ya ampea-saa 280, betri hiyo huhifadhi yuniti 14 za umeme, yuniti zile zile zinazonunuliwa kwa LUKU. Seli hizi ni tulivu zaidi kwa joto, na kwa matumizi ya duka au nyumba ndizo zinazofaa.

Hapa wawekezaji wadogo wanaofuatilia habari za nikeli ya Kabanga na mpango wa kuisafishia Kahama wangefaa kuzingatia jambo moja. Betri za LFP hazina nikeli hata gramu moja. Anayedhani kwamba kila betri ya sola inayouzwa ni mteja wa Kabanga amechanganya masoko mawili.

KAZI YA KUKATA

Betri ya gari ya risasi na asidi ina ukinzani wa ndani unaoizuia kidogo kumwaga nguvu zake kwa mkupuo. Seli kubwa ya lithiamu karibu haina kizuizi hicho. Ukinzani wake ni takriban robo ya miliomu. Seli 16 mfululizo zina miliomu 4. Ongeza miliomu 4 nyingine za waya na maungio, jumla 8. Spana ikianguka ikaunganisha chanya na hasi, volti 51.2 zikigawanywa kwa ukinzani huo hutoa ampea 6,400. Shoti ikitokea karibu kabisa na betri, ambako waya ni mfupi, hesabu hupanda kuelekea ampea 12,800. Na betri mbili za namna hiyo zikiwa sambamba, kila moja huchangia ya kwake.

Fyuzi ni kipande cha madini kilichokusudiwa kuyeyuka. Watu wengi hudhani kwamba kikishayeyuka kazi imekwisha. Katika umeme wa betri, hapo ndipo kazi inapoanza. Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila unapobadili hupita kwenye sifuri, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa betri, ule wa DC, hauna sifuri. Pengo lililoachwa na madini yaliyoyeyuka hujazwa na cheche inayowaka mfululizo, mfano wa ile ya fundi wa kuchomelea mageti, na umeme huendelea kupita ndani ya moto huo. Fyuzi dhaifu hupasuka, na ganda lake la plastiki huwa kuni ya kwanza.

Kwa hiyo fyuzi hupimwa kwa vitu vitatu: ampea inazobeba siku zote, volti za DC inazoweza kustahimili, na ampea za shoti inazoweza kukata bila kupasuka. Hicho cha tatu huitwa uwezo wa kukata, na kwenye ganda huandikwa kwa kA, yaani maelfu ya ampea.

Fyuzi ya plastiki ya gari, ile yenye miguu miwili, kwa kawaida imewekewa volti 32 na uwezo wa kukata ampea 1,000. Ni kifaa kizuri cha taa za gari. Kuiweka kwenye betri ya volti 48 ni kuitaka ifanye kazi ambayo mtengenezaji wake hakuiahidi. Fyuzi za bapa za ANL, zinazopendwa na wafungaji wa redio za magari, kwa watengenezaji wanaoaminika hufika ampea 6,000, lakini kwa volti 32. Kwa mfumo wa volti 12 au 24 wenye seli ndogo zinaweza kutosha. Kwa volti 48 hazimo.

Zinazofaa ni zile zilizoandikwa Class T, ambazo hukata ampea 20,000 kwa volti 125 za DC au zaidi. Zinazofuata ni fyuzi za kauri za aina ya NH, za masanduku ya umeme ya viwandani, mradi kwenye ganda pawe na kiwango cha DC na si cha AC peke yake. Kati ya hizo za kauri, zenye herufi gG hulinda dhidi ya mzigo uliozidi na shoti pia. Zenye herufi aR zimetengenezwa kwa ajili ya shoti tu, na waya unaweza kuungua taratibu huku zenyewe zikiwa nzima.

Siri ya fyuzi hizi nzito ni mchanga. Ndani ya ganda umeshindiliwa mchanga safi wa kwazi, na cheche ikiwaka mchanga huyeyuka kuwa kioo na kuizima. Ni jiwe jeupe lile lile ambalo wachimbaji wa Nyarugusu na Lwamgasa hulisaga kwenye makarasha wakitafuta dhahabu. Mchanga hauonekani kwa nje, bali huongeza uzito. Fyuzi ya kauri iliyo nyepesi kama kopo tupu, au inayosikika mchanga ukitembea ndani inapotikiswa, irudishwe kwenye kaunta.

HESABU YA DUKA

Ichukuliwe inverta ya wati 2,000 katika duka lenye friji, televisheni na chaja za simu. Betri ya seli 16 ikikaribia kuisha huwa na volti 48. Gawa 2,000 kwa 48, kisha gawa tena kwa 0.9 kwa sababu inverta hupoteza takriban asilimia 10 ya umeme. Jibu ni ampea 46. Ongeza robo ili fyuzi isichoke kwa joto, zinakuwa 58. Fyuzi ya ampea 60 au 63 ndiyo yake, na waya wa shaba wa milimita 16 za mraba unaibeba.

Inverta hiyo hiyo ikiendeshwa na betri ya volti 12 hudai ampea 185. Ukiongeza robo zinafika 231, na fyuzi inakuwa ya ampea 250. Waya wake ni wa milimita 70 hadi 95 za mraba, na shaba ya unene huo haiuzwi bei ya karanga. Mfanyabiashara anayeanza na volti 12 kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kwenye gari atalipa tofauti hiyo kwa kila mita ya waya. Kwa mzigo wowote unaozidi wati 1,000, volti 24 au 48 ni nafuu hata kabla ya kuhesabu fyuzi.

Fyuzi haiulindi mzigo. Inaulinda waya. Kwa sababu hiyo ampea za fyuzi zisizidi zile ambazo waya unaweza kubeba, hata kama inverta inaweza kula zaidi. Fundi anayeona fyuzi ya 63 imekatika akaweka ya 100 bila kubadili waya ameugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na umepita ukutani nyuma ya magodoro.

Mahali pa fyuzi ni jirani na ncha chanya ya betri kadiri inavyowezekana. Kipande cha waya kilichopo kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kila sentimita ni hasara. Betri zikiwa mbili au tatu sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake kabla hazijakutana. Bila hivyo, moja ikipata shoti ndani, zilizobaki humwaga nguvu zao zote ndani yake, na fyuzi ya inverta haitajua lolote kwa sababu umeme huo haupiti kwake.

NYUZI ZA SELI NDOGO

Kwa wanaotumia seli za kompyuta, kuna kazi nyingine zaidi. Seli iliyochakaa ikibaki na ampea-saa 2 huhifadhi kiasi cha wati-saa 7, kwa hiyo yuniti moja inahitaji seli 140 hivi. Betri ya yuniti 5 ni seli 700, tuseme makundi 14 mfululizo yenye seli 50 kila moja. Seli moja kati ya hizo 50 ikiharibika ndani, 49 zilizobaki huielekea zote kwa pamoja. Seli ya kutupwa jalalani hugeuka kuwa kiberiti.

Dawa yake ni fyuzi kwa kila seli. Gari la Tesla Model S la betri ya yuniti 85 lina seli 7,104 za aina hiyo, na kila moja imeungwa kwa uzi mwembamba unaoyeyuka wenyewe. Mafundi wa nyumbani hutumia fyuzi ndogo za kioo za ampea 4 au 5, au uzi wa shaba. Kwa kanuni ya Preece, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19, uzi wa shaba wa milimita 0.15 huyeyuka kwa takriban ampea 4.6, na wa milimita 0.2 kwa ampea 7. Ikiwa duka linavuta ampea 50, kila seli inatoa 1 tu, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha.

Nyuzi hizo hazichukui nafasi ya fyuzi kuu. Zimekusudiwa kukata volti 4 ndani ya kundi, si volti 50 za betri nzima. Wala bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, haichukui nafasi hiyo. Bodi hukata umeme kwa vipande vidogo vya kielektroniki, na vipande hivyo vikiungua kwa shoti kubwa mara nyingi hufa vikiwa vimefunga njia, umeme ukapita moja kwa moja. Muuzaji anayesema “hii ina BMS, fyuzi ya nini?” anauza nusu ya usalama kwa bei ya usalama mzima.

Kazi yenyewe ya seli 700 ni ya wiki kadhaa za kupima na kulehemu. Mwenye biashara akijilipa mshahara wa siku hizo, bei nafuu ya seli za jalalani hupungua sana machoni. Kwa anayeuza soda, seli 16 kubwa na fyuzi moja nzito ni hesabu bora.

KAUNTANI

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme, breka za nyumbani hupewa wateja wa sola kila mara. Zisomwe kwanza. Alama ya wimbi karibu na volti ina maana ya AC, na breka ya namna hiyo haikuahidi kuzima cheche ya betri. Inayotakiwa iwe imeandikwa DC. Hata za DC, baadhi zina alama za chanya na hasi, na zikifungwa kinyume haziwezi kuzima cheche. Breka ni nzuri kwa kuwasha na kuzima, lakini nyuma yake, upande wa betri, fyuzi ya Class T au NH ibaki.

Fyuzi isiyoandikwa volti ni ya kuachwa. Isiyo na jina la mtengenezaji ni ya kuachwa pia. Iliyoandikwa “ANL 100A” na hakuna kingine chochote, hata ikiwa imepakwa rangi ya dhahabu, haijasema itafanya nini siku ya shoti. Mnunuzi adai risiti ya EFD yenye maelezo ya kifaa, kwa kuwa risiti iliyoandikwa “vifaa vya umeme” haimsaidii kurudisha mzigo.

Kisha kuna desturi ya zamani ya kufunga fyuzi iliyokatika kwa unyuzi wa waya au karatasi ya sigara. Kwenye redio ya betri kavu iliwaponea wengi. Kwenye betri ya yuniti 14 ni kuondoa fyuzi kabisa. Njia pekee ya kuizuia ni kununua fyuzi mbili siku ile ile na kuning'iniza ya akiba ndani ya sanduku, kwa sababu Class T ikikatika Jumamosi jioni huko Nyakagwe, unyuzi wa waya upo karibu na duka liko mbali.

Joto nalo lina hesabu yake. Fyuzi hupewa ampea zake katika chumba cha kawaida, na chini ya bati la Shinyanga mwezi Oktoba hukatika mapema kidogo. Jibu ni kuhamisha sanduku sehemu yenye kivuli na hewa, si kuongeza ampea. Vumbi la makarasha na mtikisiko wa safari hulegeza maungio, na ungio lililolegea huipasha fyuzi joto bila mzigo kuzidi. Nati zikazwe kila baada ya kuhama. Sanduku liwe la chuma, si mbao, na lisikae chumba kimoja na baruti, petroli wala vitanda.

Anayefunga mifumo ya umeme kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, na mwenye duka ana haki ya kuiona kabla ya kutoa malipo ya awali. Mwenye bima ya moto aieleze kampuni yake kwa maandishi kwamba ameweka betri ya lithiamu, ipi, na kwa fyuzi gani. Barua hiyo iambatane na picha ya ganda la fyuzi, maandishi yakisomeka: ampea, volti za DC na kA.